Safu ya Presha

Juni 2013, ada za kujifungua zilipofutwa katika hospitali za umma, nilikuwa nesi kwenye zahanati moja kando ya ziwa, Homa Bay. Akina mama walimiminika. Daftari la kliniki ya wajawazito, lile pana la MOH 405 linalomeza meza nzima, likawa linajaa upesi, nami nikijivunia kujaa kwake.

Baadaye nikapewa kazi ya kukagua madaftari ya wenzangu: Mbita, Ndhiwa, Karungu, Muhuru, hadi Macalder kwenye machimbo ya dhahabu. Kwenye kituo kimoja nilifungua ukurasa nikakuta safu ya presha imeandikwa 120/80 kutoka juu mpaka chini. Akina mama ishirini na kitu, mioyo yote inadunda pamoja kama kwaya!

Nesi wa zamu akavuta droo. Kitambaa cha kufunga mkononi kilikuwa kimetoboka mpira, kimezungushiwa plasta.

"Tangu masika, sista. Na nikiacha wazi nitaulizwa mbona sikupima."

Sikumkaripia. Hata mimi niliwahi kuiandika hiyo 120/80, siku foleni ilipofika kwenye mwembe. Ripoti ya mwezi ilitaka kujua wangapi wamefika, na kweli walikuwa wamefika.

Tulikubaliana kwamba kisichopimwa kiachwe wazi, na pengo lizungushiwe wino mwekundu. Wino ule ulitufumbua macho kwa mengine. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limependekeza mahudhurio manane ya kliniki kwa kila mimba tangu 2016, lakini wengi wa akina mama wetu walianza mwezi wa sita wa ujauzito, wakiwa wameshakosa dozi za SP za kukinga malaria, ambazo huanza wiki ya 13. Tulikuwa tukiwaita wazembe. Nyamrerwa mmoja, mkunga wa jadi aliyezijua nyumba zote za ufuoni, ndiye aliyeniambia kwamba siku ya kliniki ilikuwa ndiyo siku ya soko. Tukaihamisha.

Mashine mpya ya presha ilipofika kwenye kituo kile cha 120/80 nilikuwepo. Mama wa tatu kupimwa, mchuuzi wa omena, alikuwa amefuata neti tu. Ikasoma 170/110. Tukarudia, ikawa ile ile. Kichwa kilikuwa kikimuuma tangu juzi, akasema, akadhani ni jua. Tukamdunga magnesiamu huku dereva wa ambulansi akitafutwa.

Yeye alichotaka kujua ni nani angemwanulia omena.