Sufuria Inasubiri Nini?

Miaka 14 nimetengeneza sufuria za umeme zinazojiamulia: zenye kihisi joto na kompyuta ndogo kitakoni, zinazojua wakati wa kupunguza moto bila kuambiwa. Karakana yetu ilikuwa Dar es Salaam. Yote niliyoyajua kuhusu maji kuchemka niliyajua kwa maji ya pale, kando ya bahari.

Sufuria ya kwanza ya maharage niliipa sheria moja: joto likifika nyuzi 98, maji yamechemka, punguza moto, anza kuhesabu dakika. Karakanani haikukosea hata mara moja. Tukaipeleka Mbeya, kwenye nyumba za watu.

Huko Mbeya, eneo la Uyole, nilipokewa na mama mmoja. Nikamwamkia, nikachomeka sufuria, tukakaa kwenye vigoda. Punde maji yakawa yanatokota kwa fujo, kifuniko kinarukaruka, lakini namba ikafika 94 ikagoma. Sufuria haikupunguza moto. Jiko likajaa mvuke, maharage yakashika chini, uniti za umeme wa LUKU zikateketea.

“Mwanangu,” akaniuliza taratibu, “hii sufuria inasubiri nini?”

Ilikuwa inasubiri Dar es Salaam. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa ni ndogo, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Nilifundishwa hayo shuleni, nikayaacha daftarini. Iliniuma sana, maana maharage yale yalikuwa chakula cha wajukuu wake.

Mama akateka maji mengine, akayabandika kwenye kuni, akaniita karibu. Kwanza yalivuma kwa sauti kali. “Hapo yanalia tu.” Kisha uvumi ukashuka, ukawa mzito na mpole. “Sasa yamechemka. Hapa natoa kuni.”

Nilimkumbuka Fumiko Minami. Sufuria ya wali ya Toshiba iliyotoka mwaka 1955 inatajwa kuwa kazi ya mumewe, Yoshitada, lakini aliyepika na kupima, siku hadi siku, ni yeye.

Nikaifuta ile 98. Sheria mpya haikutaja namba: moto ukiwa ni uleule na joto limeacha kupanda, maji yamechemka, iwe Tanga au Makete. Lakini moto wenyewe hauwi uleule. Jioni, mtaa mzima ukiwasha, volti 230 zinaweza kushuka hadi 180, na hapo koili hutoa asilimia 61 tu ya nguvu yake. Sufuria isiyopima umeme itadhani joto limetulia, kumbe moto umefifia, na itampa mtu maharage mabichi. Maharage mekundu yasiyoiva huumiza tumbo vibaya. Kwa hiyo tukaongeza kipimo cha volti, ingawa kilipandisha bei, na sikukubali kiondolewe.

Nilirudi Uyole na sufuria yenye sheria mpya. Uvumi uliposhuka, mama alitega sikio. Taa ya moto mkali ikazimika. Hakusema kitu. Muda ulipotimia alifunua, akabinya punje moja kwa vidole, akavuta kigoda, akaanza kumenya kitunguu.