Mzinga Wangu wa Nyuma ya Nyumba

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kuwafundisha wengine. Lakini leo nataka kuwaeleza kosa nililofanya mimi mwenyewe, hapa Mbagala.

Nilikuwa na mzinga mmoja wa mbao, ule wenye fito juu. Niliutundika kwenye mwembe nyuma ya nyumba. Nilijua kabisa kwamba nyuki hawafai kukaa karibu na watu. Huwaambia wakulima hivyo kila siku. Lakini nilijidanganya kwamba mzinga ni mmoja tu, tena nyuki wake ni wapole. Kwa miezi sita walikuwa wapole kweli.

Ukaja mwezi wa Januari. Joto lilikuwa kali. Matawi ya mwembe yalikuwa yamekatwa, na jua lilipiga juu ya bati la mzinga. Nikaona nyuki wengi wamening'inia nje mlangoni. Hiyo ni dalili ya joto. Mahali penye watoto wao, nyuki hutaka joto la nyuzi 35 hivi. Likizidi, wengine hutoka nje, wengine huleta maji na kupepea kwa mabawa. Ningeweka kivuli na chombo cha maji, ingetosha. Mimi nikafungua mzinga nione. Saa 8 mchana!

Niliinua ufito. Sega lilikuwa jipya, limelainika kwa joto. Likakatika, likaanguka ndani. Asali ikamwagika, nyuki wakapondeka. Nyuki akiuma au akipondwa hutoa harufu kama ya ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaita wenzake. Nilipoisikia nilijua mambo yameharibika.

"Bwana shamba! Mbuzi wangu!" mama jirani alipiga kelele.

Mbuzi alikuwa amefungwa kamba kwenye mnazi. Hakuweza kukimbia. Alikufa jioni ile. Mtoto wa yule mama, wa miaka sita, aliumwa mara kumi na moja. Tulikwangua miiba upesi kwa kucha, maana mwiba ukibaki mwilini huendelea kutia sumu. Kisha tukampeleka zahanati. Mtu akivimba uso, au akipumua kwa shida, hata kama ameumwa na nyuki mmoja tu, apelekwe hospitali mara moja. Mtoto alipona. Mimi sikulala usiku ule.

Mbuzi nililipa. Mzinga niliuhamisha usiku, nyuki wote wakiwa ndani. Mlango niliuziba kwa wavu ili hewa ipite. Niliupeleka Mkuranga, kwenye mikorosho ya ndugu yangu, mbali na nyumba na njia. Ukiusogeza mzinga hatua chache tu, nyuki hurudi pale pa zamani. Upeleke mbali, kama kilometa 5 au zaidi.

Siku hizi nakagua saa 12 jioni. Navaa kofia yenye wavu, nguo nyeupe na buti, wala sijipaki manukato. Katika bomba la moshi natia makumbi ya nazi. Hayo ni mazuri sana, moshi wake ni mwingi na hauishi upesi. Napuliza kidogo mlangoni, nangoja, kisha naanza na fito za pembeni, ambako hakuna watoto. Sega nalishika wima, silalazi, lisije likakatika tena. Nikiona mayai najua malkia yupo. Nikiona utando kama wa buibui, najua nondo wameingia. Sega hilo nalitoa. Sikawii. Nyuki wetu wakisumbuliwa sana huhama, ukabaki na mzinga mtupu.

Mzinga unaning'inia kwa waya zilizopakwa grisi, kwa ajili ya siafu. Majani chini yake nayafyeka, maana jani moja likigusa mzinga ni daraja tosha kwa siafu. Grisi nayo hukauka na kushika vumbi. Naipaka upya kila ninapokwenda.

Mwaka uliofuata nilirina asali. Chupa ya kwanza nilimpelekea mama jirani. Aliipokea, akaiangalia kwenye mwanga.

"Asali niletee, bwana shamba," akasema. "Nyuki wakae huko huko Mkuranga."