Mlangoni, Manzese

Kwa miaka miwili nilifanya kazi kwenye kibanda cha video pale Manzese, na sidhani kama niliangalia picha tatu tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa mtu wa mlangoni. Nilipokea kiingilio, nilifukuza wazamiaji, nilirudisha mkanda ukiisha, nilifagia maganda ya karanga. Picha zenyewe nilizisikia tu.

Ilikuwa 2001 hadi 2003. Nilikuwa nimetoka Kilosa na matokeo ya kidato cha nne ambayo baba aliyatazama mara moja, akaikunja ile karatasi, akasema nenda kwa mjomba wako Dar. Mjomba alikuwa akiuza mitumba karibu na Darajani, na mwenye kibanda alikuwa mteja wake wa mashati. Nikakabidhiwa papo hapo, mbele ya rundo la nguo. "Huyu mtoto anajua kuhesabu," mjomba alisema. Hicho ndicho kilikuwa cheti changu, na kilitosha.

Kibanda kilikuwa cha mabanzi na bati, ndani kimezibwa kwa magunia ili mwanga usipenye. Hewa nayo haikupenya. Saa nane mchana mle ndani mlikuwa kama tanuri la mikate. Watu walitoka wamelowa jasho, wakiapa kwamba picha ilikuwa tamu. Baadaye vibanda vya namna ile vikaitwa vibanda umiza, na sijawahi kusikia mtu aliyekaa humo akiuliza kwa nini. Kulikuwa na televisheni ya inchi 21 iliyofungwa mnyororo, na deki mbili. Moja ilikuwa nzima. Nyingine, kuukuu, kazi yake ilikuwa kurudisha mikanda tu, maana kurudishia mikanda kwenye deki nzuri ni kuiua mapema. Picha ikianza kuleta chenga nilifungua mfuniko, nikasafisha hedi kwa pamba na spiriti, huku watu wakipiga miluzi na mmoja wao lazima aulize kama mimi ni fundi au mshona viatu.

Mkanda wa E-180 unabeba saa tatu. Picha ya Kihindi iliyozidi hapo, mwisho wake ulibaki Kariakoo kwa waliotunakilia. Mara nyingine harusi ilikuwa haijafungwa, mkanda ukakwisha. Wateja wa siku nyingi walikuwa wameshazoea. Walitoka nje wakamalizia wenyewe, kila mtu na harusi yake.

Spika zilikuwa mbili, moja ndani na moja nje, juu kidogo ya kichwa changu. Ya nje ilikuwa chambo. Mtu anayetoka Tandale sokoni na kapu lake asikie risasi, asite, atazame ubao nilioandika kwa chaki, aingize mkono mfukoni. Kwenye ubao sikuandika jina lililo kwenye kava. Hakuna aliyekuja kuangalia Commando. Walikuja kuangalia Komando Kipensi, na nikisahau hicho kipensi waliniuliza kama ni picha nyingine. Kiingilio kilikuwa sarafu moja ya hamsini, ile yenye Mzee Mwinyi upande mmoja na faru upande wa pili. Jioni mfuko wangu wa suruali ulikuwa mzito kiasi cha kunifanya nitembee upande.

Siku za neema zilikuwa zile tulizopata mkanda wa Lufufu. Jina lake Derek Mukandala, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Alikuwa anatafsiri picha za nje kwa Kiswahili, sauti yake ikipanda juu ya sauti za waigizaji, naye peke yake alikuwa stelingi, adui, mchumba na mama mzazi. Tena hakutafsiri tu. Alieleza, alionya, aliongeza chumvi, alimcheka adui kabla hajapigwa. Wapo waliosema anaharibu picha. Hao walikuwa na televisheni kwao. Kwangu mimi wa mlangoni Lufufu ndiye alikuwa picha yenyewe. Bila yeye nilisikia Kiingereza, milipuko na kikohozi cha mtu wa benchi la mbele.

Sikuwa msikilizaji peke yangu. Jirani yangu alikuwa mama ntilie, ambaye jiko lake lilikuwa hatua sita kutoka kwenye ile spika. Hakuwahi kuingia ndani. Wanawake wachache sana waliingia mle, na yeye alisema hana muda wa kukaa gizani na wahuni. Lakini kila asubuhi, nikimsalimu shikamoo na kuagiza chapati na maharage, alijibu marahaba na papo hapo akauliza: "Mwanangu, leo mnatupigia nini?" Siku tuliyoonyesha Titanic alisonga ugali machozi yakimtiririka, akasingizia kuni mbichi. "Yule kijana ameshakufa?" aliniuliza. "Bado, mama." Akaongeza maji kwenye sufuria, akasubiri.

Asubuhi, kabla ya kufungua, nilikuwa wa kijiweni. Kahawa, kashata, drafti la vifuniko vya soda, na redio. Ndiyo miaka ambayo muziki wa vijana ulianza kusikilizwa hata na wazee waliouita uhuni. Professor Jay alikuwa ametoa Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, na tuligombana kama kweli anamzidi Juma Nature, ugomvi ambao kwa watu wa Temeke haukuwa ugomvi bali matusi. Nilikuwa na kanda moja ya TDK niliyorekodi kutoka redioni, sauti ya mtangazaji ikiingia katikati ya kila wimbo. Hadi leo nikisikia nyimbo zile bila yule mtangazaji naona zimepungua kitu.

Sasa tarehe 31 Mei 2002. Ijumaa, ufunguzi wa Kombe la Dunia kule Seoul, Senegal na Ufaransa, kwa saa zetu nane na nusu mchana. Watu walikuja moja kwa moja kutoka msikitini na kanzu zao. Mwenye kibanda alipandisha kiingilio hadi mia, na hakuna aliyebisha. Ufaransa ndio walikuwa mabingwa wa dunia na wa Ulaya; Senegal walikuwa hawajawahi kucheza fainali hizo hata mara moja. Zidane alikuwa majeruhi, habari iliyopokelewa kibandani kama mvua ya kwanza. Benchi zilijaa, wengine wakakaa chini, wengine wakasimama mlangoni pangu mpaka nikasukumwa nje ya kibanda ninachokilinda.

Nusu saa hivi baadaye watoto watatu walijaribu kuzamia kwa kupita chini ya magunia. Nimemkamata mmoja kisigino ndipo kibanda kikapasuka. Bati lilitikisika. Nilipogeuka niliona migongo, kanzu na mikono. Yule mtoto akanikimbia, akaingia, akaona marudio. Mimi sikuona hata hayo.

Wakati wa mapumziko nilisimuliwa bao na watu wasiopungua kumi. Walikubaliana: Bouba Diop alipokea mpira mbali, mita thelathini, akaachia shuti, Barthez akaruka bila kuugusa. Mmoja alisema wavu ulichanika. Nililichukua hivyo hivyo, nikampelekea mama ntilie, naye akawasimulia wateja wake. Mchezo uliisha moja bila.

Miaka kumi na zaidi baadaye nilikuwa ndani ya daladala, tumekwama kwenye foleni ya Ubungo. Kijana wa kiti cha jirani alikuwa anaangalia mabao ya zamani kwenye simu. Nikaona jezi nyeupe za Senegal, nikasogea. Diouf anamtoka beki pembeni, anapiga krosi ya chini. Petit anajaribu kuokoa, mpira unamgonga kipa wake mwenyewe, unarudi kwa Diop ambaye tayari yuko chini, naye anausukumia ndani akiwa amelala.

"Siyo hili," nikamwambia.

"Ndilo, kaka. Moja bila, 2002."

"Hebu rudisha."

Akarudisha, kwa kidole kimoja.