Usihesabu Gunia Kabla ya Ekari

Mimi nilisoma HGL. Nalisema hilo mapema ili mjue anayeongea hapa ni nani. Hesabu niliagana nazo siku nilipomaliza kidato cha nne, na niliamini hatutakutana tena. Kumbe! Mwaka wa tatu nikatamani masta ya nje, na vyuo viwili nilivyovilenga vikataka GRE.

Mwaka 2024 ada yake ilikuwa dola 220, zaidi ya laki tano na nusu za kwetu. Boom lilikuwa limeshakata. Mama yangu yuko Mollo, Sumbawanga. Akauza magunia kumi ya mahindi, akanitumia hela. Hakuuliza hata mtihani wenyewe ni wa nini.

Kwenye hesabu nikapata 148. Alama zinaanzia 130 hadi 170, kwa hiyo msinipigie makofi. Kilichoniuma ni kwamba nilianguka pale nilipodhani ni mteremko: maswali ya majedwali. Unapewa jedwali moja na maswali kadhaa juu yake. Hakuna kanuni ngumu ya kukariri, kikokotoo kipo kwenye skrini, namba zote ziko mbele yako. Nikazivamia. Maswali ya hesabu ni 27 kwa dakika 47, hata dakika mbili kwa swali hazifiki, nikaona kusoma vichwa vya jedwali ni kupoteza muda.

Julai nikaenda nyumbani. Julai Ufipa ni baridi kweli, jioni hakuna anayetaka kutoka jikoni. Mama akanipa daftari lake la shamba nimjumlishie madeni ya mbolea. Ndani amepiga mistari kwa rula: mwaka, ekari, magunia. Nikajifanya msomi.

"Mama, 2023 ulivuna kuliko 2022. Magunia 52! Mwaka wa nyuma yake yalikuwa 45 tu."

Akaniangalia. "Ekari umezisoma?"

Sikuwa nimezisoma. 2022 alilima ekari 3, yaani magunia 15 kwa kila ekari. 2023 alilima ekari 4, magunia 13 kwa ekari. Na chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, alikuwa ameandika: "pamoja na shamba la kukodi."

"Mwaka ule ulikuwa mbaya," akasema. "Nilimlipa mwenye shamba, nikabaki na deni."

Nilinyamaza. Mwaka huohuo ndio niliompigia simu kuomba hela ya kompyuta, nikamwambia nimesikia mavuno ni mazuri. Na alituma.

Wasomi wenzangu, kosa langu la kwenye mtihani lilikuwa hilohilo. Chukueni mfano wa mkoa wetu. Sensa ya 2002 iliipa Rukwa watu zaidi ya 1,100,000. Sensa ya 2012 ikaipa 1,004,539. Anayekimbilia namba atasema watu wamehama. Hakuna aliyehama: mwaka 2012 Katavi ilimegwa kutoka Rukwa, na sensa ikaihesabu peke yake, watu 564,604. Watu walibaki walipo, mpaka ndio uliosogea. Jambo kama hilo kwenye jedwali huandikwa chini, kwa herufi ndogo.

Tuendelee. Sensa ya 2022 iliipa Rukwa watu 1,540,519. Wameongezeka kwa asilimia ngapi tangu 2012? Ongezeko ni watu 535,980. Ukigawa kwa idadi ya 2022 unapata kama asilimia 35, na usishangae kulikuta jibu hilo kati ya machaguo, limekaa linakusubiri. Unagawa kwa pale ulipoanzia, yaani 2012. Jibu ni kama asilimia 53.

Basi nikabadilisha utaratibu. Kwanza kichwa cha jedwali. Pili vipimo: ni watu au ni maelfu ya watu? Ni kilo au ni asilimia? Tatu maandishi madogo ya chini. Halafu swali, nijiulize: asilimia ya nini? Kikokotoo kinakuja mwisho. Yote hayo hayamalizi nusu dakika, na ukiyafanya mara moja yanakubeba kwa maswali yote ya jedwali lile.

Kanuni zinaruhusu kurudia baada ya siku 21. Mimi nilisubiri miezi mitano, nikafundisha tuisheni, nikalipa ada mwenyewe. Nikapata 156. Si alama ya kutangazia mtaa. Chuo kimoja kilinikataa, cha pili kimenipokea, ila ufadhili bado nautafuta.

Juzi Mama kapiga simu: wamemaliza kuvuna, magunia 48. Nilitaka kumpongeza, nikajizuia.

"Ekari ngapi, Mama?"

Akacheka. "Tatu," akasema.

Hapo ndipo nikampa hongera.