Mana ya Kila Mwezi

Tumeulizwa usharikani: kama Mungu huponya, mbona mgonjwa arudi hospitali kila mwezi? Mwaka 1952, daktari Ogden Bruton wa Marekani alieleza habari za mvulana wa miaka 8 ambaye damu yake haikuwa na kingamwili. Alimchoma sindano za kingamwili za watu wengine, mwezi baada ya mwezi. Siku hizi wengi hupewa kwa dripu miligramu 400 hadi 600 kwa kila kilo ya uzito, kila wiki 3 au 4, maana katika wiki kama 3 nusu huwa imekwisha. Mana nayo haikuwekwa akiba. Wapendwa, kurudi si kupungukiwa imani. Tusimwambie mgonjwa aache dozi. Tutakuwa tumemnyang'anya mkate wake.