Sindano za Idete

Enzi za urais wa Mzee Mwinyi, mjukuu wangu, maduka ya Idete kule Kilombero yaliuza klorokwini kwa kuhesabu, shilingi kumi kidonge. Dozi ya mtu mzima ilikuwa vidonge kumi, lakini watu walinunua viwili au vitatu kadiri mfuko ulivyoruhusu, wakameza na kujikuna usiku kucha, maana dawa ile iliwasha mwili kama upupu. Mtoto akishikwa na degedege alifukizwa kwanza moshi wa mavi ya tembo, na harufu yake ukiipata nje ya nyumba ulijua humo ndani hali si nzuri. Hospitali ilikumbukwa baadaye, na mara nyingine baadaye hiyo ilikuwa kuchelewa.

Hapo ndipo watafiti wa Ifakara walipokuja na SPf66, chanjo ya malaria aliyoibuni Manuel Patarroyo wa Kolombia. Mimi niliajiriwa kibarua cha ukarani: daftari, kadi za watoto, na kidau cha wino wa kuchovya dole gumba kwa wasiojua kuandika. Serikali ilikwisha kutoa kibali na wazee wa kijiji walikwisha kuridhia. Wakabaki akina mama. Daktari akawaeleza taratibu kwamba wanatakiwa watoto wa mwaka mmoja hadi mitano, kwamba kila mmoja atachomwa sindano tatu, na kwamba wengine watapata chanjo na wengine kitu kingine kabisa, wala hakuna ajuaye nani kapata nini, hata yeye mwenyewe. Mama mmoja mwembamba, kamfunga mtoto mgongoni kwa kanga iliyopauka, akauliza, “Bwana Daktari, kama hujui unachomchoma mwanangu, unamchomea nini?” Watu wakaangua kicheko. Daktari hakucheka. Alisema kwamba angejua, jicho lake lingewapendelea wa chanjo, akaona nafuu hata isipokuwepo. Mzee wa nyuma akataka kujua habari za damu: itakwenda wapi, maana hadithi za mumiani tulilelewa nazo sote. Hilo ndilo lililokula saa nzima.

Yule mama akatia dole gumba. Nilipokuwa namwandikia kadi nikamuuliza kilichomshawishi. “Mnatibu bure, kaka, tena mko karibu,” akasema. “Sindano ni yenu. Dawa ni yangu.” Nimesoma tangu hapo maandishi mengi kuhusu ridhaa ya hiari, na Azimio la Helsinki la 1964 nalijua, lakini sijaona aliyeieleza ridhaa hiyo vizuri zaidi. Yasemwa kwamba maskini hawaelewi utafiti. Huyu alielewa biashara nzima, akapatana bei. Linalonisumbua mimi ni kwamba dawa ya homa ya mtoto ilikuwa sehemu ya bei.

Kazi yenyewe ilikuwa ya miguu. Msimu wa mpunga familia nzima huhamia shambani, wakilala kwenye dungu kulinda ndege na nguruwe, nasi tukiwafuata kwenye tope, kadi tumezifunga kwenye nailoni zisilowe. Watoto 586 wakamaliza sindano tatu. Mwaka 1994 jarida la Lancet likatangaza kwamba chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 31, na jina la Idete, kijiji ambacho hata Morogoro mjini wengi hawakukijua, likasomwa duniani. Kisha wakajaribu kwa watoto wachanga Gambia, wakajaribu Thailand, ikaonekana haikingi kitu. Mwishowe SPf66 ikaachwa. Chanjo iliyokuja kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 ni nyingine, nayo imepitia mikono ya watoto wa Bagamoyo na Korogwe.

Yule mama nilikutana naye tena sokoni Ifakara, anauza mchele, meno ya mbele yamepungua, mwanawe keshakuwa fundi uashi. Nikamweleza habari za Gambia. Alisikiliza huku akimpimia mteja, wala hakuuliza mwanawe alichomwa nini. Alichotaka kujua ni utafiti mwingine utaanza lini, maana ana wajukuu.