Ziwa Lililobadili Ndege

Mwaka 1986 mjomba alitupakia sisi wapwa zake wanne katika gari lake la watalii, akatupandisha hadi Baboon Cliff. Ziwa Nakuru lilikuwa chini yetu, ukingo wake wote wa waridi. Nikadhani ni maua. Ghafla kipande kimoja cha ukingo kiling'oka, kikaruka, kikatua mbele zaidi. Hapo ndipo nilipowajua heroe, ingawa mjini sote tuliwaita flamingo.

Kilichowaleta ni magadi. Viumbe wengi hawawezi kuishi katika maji ya namna hiyo, lakini spirulina, aina ya mwani mdogo sana, hustawi humo mpaka ziwa likawa kijani kizito, na heroe mdogo huinamisha kichwa, mdomo juu chini, akaichuja siku nzima.

Kisha, kuanzia 2010 hivi, maji yakaanza kupanda. Mvua na mito ilizimua magadi, spirulina ikapungua, na kufikia 2013 hata lango kuu la hifadhi lilikuwa limeingiliwa na maji. Heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Watu wakasema ziwa limekufa. Nami nilisema hivyo, tena kwa uchungu, nikakaa miaka bila kukanyaga huko.

Agosti iliyopita mjomba, sasa anatembelea mkongojo, aliniambia, "Mpwa wangu, nipeleke nikaone." Tuliingia kwa lango la Lanet saa tisa alasiri. Migunga iliyokauka ilisimama ndani ya maji, myeupe kama mifupa, minandi wamejaa matawini. Tulizima gari. Muda mrefu hatukusema kitu. Kisha mjomba akanibana mkono: shingo tupu ilikuwa ikikata maji, nyembamba, ikipindapinda kama nyoka.

"Mbizi," akanong'ona.

Akazama. Alipoibuka alikuwa na samaki aliyemchoma kwa mdomo wake mkali. Akamrusha juu, akammeza kwa kichwa. Akapanda kisiki, akatandaza mabawa juani, kwa kuwa manyoya yake hulowa maji, na kulowa huko ndiko kunakomsaidia kuzama.

"Zamani mgeni akitaka kumwona huyu," mjomba alisema, "nilimpeleka Naivasha au Baringo. Hapa, hapana."

Nikamuuliza habari za heroe. Tuliona kundi dogo tu, mbali, upande wa kusini. Akanyoosha mkongojo kuelekea Bogoria. "Hawajafa. Wamefuata chakula. Hawakuwa wa Nakuru peke yake hata siku moja."

Jioni ile nilielewa kosa langu: nilililia ziwa moja, kumbe ndege hawa wanahitaji maziwa mengi, likiharibika hili wapate lile. Kwa hiyo wewe uliyewahi kuuona ukingo ule wa waridi, itetee Bogoria, itetee Elementaita, na zaidi ya yote itetee Natron kule Tanzania. Karibu heroe wadogo wote wa Afrika Mashariki huanguliwa huko, juu ya vichuguu vya matope.